Fizi na Baraka: Kitabu cha siri gani kisomwe kwanza katika kikundi?

Katika Baraka, mtu akisema kwamba anasoma kitabu cha ezoterike, wengi hawamuulizi kichwa cha kitabu. Wanamuuliza anasali wapi siku hizi.

Neno hilo limeingia katika Kiswahili cha Kongo kutoka Kifaransa, na limeingia na mzigo wake: Rose-Croix, franc-maçon, pete isiyovuliwa hata wakati wa kunawa, tajiri wa ghafla ambaye majirani wanahesabu watoto wake ili waone kama wote wapo. Maana yake ya kwanza ni nyepesi zaidi. Kwa Kigiriki ni jambo la ndani, fundisho linalotolewa kwa wale walioingia mlangoni na si kwa kila mpita njia. Ukilichukua hivyo, wazee wa milima ya Itombwe na wa sekta nne za Fizi, yaani Tanganyika, Mutambala, Lulenge na Ngandja, walikuwa na ezoterike yao kabla karatasi ya kwanza haijavuka ziwa.

Hapo ndipo ugumu unapoanza kwa kikundi chochote cha kusoma. Tuseme ni watu saba au nane, walimu wawili, muuguzi mmoja, vijana waliomaliza sekondari, wanaokutana siku ya Mungu baada ya ibada. Wamechoka na riwaya za shule. Wanataka kitabu cha mambo yaliyofichwa. Wachague kipi, na nani atakasirika?

Vingine vinajiondoa vyenyewe. Kile kinachoitwa Kitabu cha Sita na cha Saba cha Musa, ambacho kinazunguka Afrika kwa fotokopi na kwa telefone, hakina uhusiano wowote na Musa. Kilichapishwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka wa 1849, na ndani yake ni mihuri, majina ya pepo na michoro ambayo haina la kujadili. Mtu anakinunua ili apate kitu, si ili aelewe kitu. Mafundisho ya Rose-Croix ya AMORC nayo yanatumwa kwa wanachama peke yao, hatua kwa hatua, kwa hiyo kikundi cha wazi hakiwezi kuyasoma bila mmoja wao kuvunja ahadi. Kwa upande wa Waislamu, jina linalotajwa kwa sauti ya chini ni Shams al-Maarif, kitabu cha Ahmad al-Buni wa karne ya 13, chenye majina, herufi na miraba ya hesabu. Kiko katika Kiarabu kigumu, na masheikh wengi wanakikataza. Ni vizuri kujua kwamba kipo. Kukisoma kwa pamoja chini ya mwembe wa Baraka ni jambo lingine.

Kuna kitabu kimoja ambacho pastere atakikubali kwa shida lakini atakikubali, kwa sababu Biblia yake yenyewe inakitaja. Ni Kitabu cha Henoko. Aya ya 14 ya Waraka wa Yuda inamtaja Henoko kama nabii na kuchukua maneno yake, na maneno hayo hayapatikani popote katika Agano la Kale. Yanapatikana katika kitabu hiki. Makanisa ya Ulaya yalikipoteza kwa zaidi ya miaka elfu moja. Waliokitunza kizima ni Waafrika: Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, katika lugha ya Ge'ez, ambalo mpaka leo linakihesabu kuwa sehemu ya Biblia. Msafiri wa Uskoti, James Bruce, ndiye aliyerudisha nakala zake Ulaya mwaka wa 1773. Baadaye vipande vyake vya Kiaramu vilitoka katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, na vikaonyesha kwamba sehemu zake za kwanza ni za zamani kuliko Yesu kwa miaka zaidi ya mia mbili.

Kina sura 108, na hakuna sababu ya kuzisoma zote. Sura ya 6 mpaka ya 16 zinatosha kuwasha moto. Humo malaika 200 wanashuka juu ya mlima Hermoni, wanachukua wanawake, na wanafundisha wanadamu mambo ambayo hawakupaswa kujua. Azazeli anafundisha kutengeneza panga, visu na ngao. Semyaza anafundisha uganga na kukata mizizi. Wengine wanafundisha kusoma nyota. Katika teritware ambako silaha na dawa zimetembea pamoja kwa miaka mingi, ukurasa huo hauhitaji mwalimu wa kuueleza. Tafsiri za zamani za Kifaransa ziko bure katika intaneti, na mtu mwenye telefone moja na betri iliyojaa anaweza kuwasomea wengine kumi.

Henoko ana kasoro moja tu kwa kazi hii. Ni wa mbali. Watu wa Fizi wanaweza kumstaajabia, lakini hawawezi kumjibu. Hakuna mzee wa Kazimia au wa Mboko atakayesimama na kusema: hapo mwandishi amekosea, mimi nilikuwapo.

Kitabu kinachogusa siri ya nyumbani ni kingine, na kiliandikwa na Mbeleji. Daniel Biebuyck alizaliwa mwaka wa 1925, akafika Kongo baada ya vita ya pili ya dunia, akafanya utafiti kati ya Wabembe na kisha kati ya Walega, mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliyoyakusanya juu ya Bwami aliyachapisha Marekani mwaka wa 1973 katika kitabu kikubwa kiitwacho Lega Culture. Miaka minane baadaye, jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Bruxelles, lilitoa kitabu chake kingine juu ya sanamu za mababu ambazo watu wa Ulaya walikuwa wakiziita za Wabembe. Katika hicho cha pili anaeleza kwamba nyingi kati yake zinatokana na vikundi vya wawindaji waliokuwa katika nchi hiyo mapema, kama Basikasingo. Amekufa mwaka wa 2019.

Kwa kijana aliyezaliwa baada ya 1990, Bwami ni kofia ya mzee fulani katika picha, au ni neno linalosikika siku ya kumtawaza chefu. Katika kitabu cha Biebuyck ni shule. Mtu anaingia ngazi ya chini, analipa, ukoo wake unamsaidia kulipa, na anapanda polepole kwa maisha yake yote. Kwa Walega ngazi ya juu kabisa kwa wanaume ni kindi. Wanawake nao wana ngazi zao, na ile ya juu inaitwa bunyamwa. Hakuna anayefika kileleni kwa nguvu au kwa mali peke yake. Wanamwangalia mwenendo wake: kama ana hasira, kama anagombana na mke, kama anajua kugawa.

Lakini sehemu ambayo ingefaa kusomwa polepole ni ile ya vitu vinavyoonyeshwa siku ya kuingizwa: sanamu ndogo za pembe au za mti, vinyago, magamba ya kakakuona, midomo ya ndege, hata vitu vya kawaida vya nyumba. Biebuyck anaonyesha kwamba kitu chenyewe hakisemi neno. Maana yake iko katika methali inayoimbwa wakati kinapochezeshwa, na sanamu ileile inaweza kubeba methali nyingi, kufuatana na ngazi na mwalimu. Sakimatwematwe, sanamu ya vichwa vingi, inazungumzia mtu anayeona pande zote. Kuna sanamu ya mwanamke mwenye mimba aliyevunja uaminifu, nayo ni onyo. Mtu aliyeiba sanamu hiyo usiku hakuiba siri yoyote. Amebeba ubao. Leo nyingi kati ya sanamu hizo ziko ndani ya vioo vya Ulaya na Marekani, zina namba, na hazina wimbo. Kinyago cha alunga, kile chenye nyuso mbili cha Wabembe, kiko katika hali hiyohiyo.

Serikali ya Wabeleji ilipiga Bwami marufuku mwaka wa 1948. Iliona ndani yake nguvu isiyoshikika, watu wanaosikilizana juu ya mipaka ya machefferie bila kupita kwa msimamizi. Biebuyck alifanya kazi yake katika kivuli cha marufuku hiyo, akiwa mtu wa taifa lilelile lililopiga marufuku. Wakubwa wa Bwami walimwachia aone sherehe nyingi. Kwa nini walifanya hivyo? Pengine walihesabu kwamba bora jambo liandikwe na mgeni kuliko lifie mdomoni. Pengine walimwonyesha tu walichotaka aone. Swali hilo peke yake lingetosha kwa jioni mbili.

Sasa, je, kikundi cha vijana kina haki ya kusoma kwa sauti mambo ambayo babu zao walilipa mbuzi na miaka mingi ili kuyasikia? Wapo watakaosema kitabu kimeshauzwa dunia nzima, mwanafunzi wa Chicago anakisoma akinywa kahawa, basi mtoto wa Fizi anyimwe kwa sababu gani? Hoja hiyo ina uzito. Lakini mzee aliyeingizwa hakumwapia mwanafunzi wa Chicago. Aliwaapia watu wake. Kumfungulia kurasa mbele ya uso wake bila kumwambia ni ukosefu wa adabu, hata kama sheria ya vitabu inaruhusu. Njia iliyo wazi ni kwenda kwake kwanza, na kumwambia kichwa cha kitabu, na kumwachia aseme kipi kisomwe na kipi kiachwe. Akikubali kukaa na kikundi, kitabu kitageuka. Atakuwa mtu wa kwanza kukisahihisha akiwa ndani ya mlango.

Hiyo itachukua muda. Ndiyo maana, kwa kuanza, kuna kitabu cha tatu ambacho kinaonekana hakina ezoterike hata kidogo, na ambacho ndicho chenye kufaa zaidi.

Tarehe 24 mwezi wa nne 1965, mtumbwi wenye mota kutoka Kigoma ulifika Kibamba, kando ya ziwa Tanganyika. Ndani yake kulikuwa na Wakuba wachache. Walipewa majina ya namba za Kiswahili: Moja, Mbili, na wa tatu akaitwa Tatu. Wapiganaji wa pale waliambiwa kwamba Tatu ni daktari. Alikuwa Ernesto Che Guevara. Alibaki katika milima ya Fizi karibu miezi saba, akaondoka usiku wa kuamkia tarehe 21 mwezi wa kumi na moja, akiwa ameshindwa. Alikwenda kujificha katika ubalozi wa Kuba, Dar es Salaam, na hapo akaandika yote. Kitabu kilikaa kabatini kwa zaidi ya miaka 30, na kilichapishwa kizima tu mwaka wa 1999. Tafsiri ya Kifaransa ipo.

Ni kitabu cha siri kwa maana mbili. Kwanza, kilifichwa. Pili, moyo wake ni dawa.

Tangu mwanzo Che anaelezwa habari ya dawa, na anayemweleza ni afisa wa Simba, kwa furaha, bila wasiwasi wowote. Muganga anammwagia mpiganaji maji ya majani, anamchora kwa makaa, na risasi haitamwingia. Kuna masharti: asichukue kitu kisicho chake, asiguse mwanamke, asiogope. Che, daktari wa kweli, alielewa haraka jinsi mtego huo ulivyofungwa. Mtu akifa, ni kwa sababu alivunja sharti, na maiti haiwezi kujitetea. Aliyebaki hai anajua alikuwa na hofu, kwa hiyo hana la kubisha. Mwisho wa mwezi wa sita, baada ya shambulio la Front de Force, upande wa Bendera, kuvunjika vibaya na Wakuba wanne kuuawa, lawama ilianza kutafuta pa kuangukia, na dawa ilikuwa karibu.

Wakaaji wa Fizi hawahitaji kufundishwa habari hiyo. Maji ya Mulele yalitangulia mwaka wa 1964, na jina Mai-Mai, ambalo watoto wanalijua kabla ya kujua alfabeti, linatokana na maji hayohayo. Kinachokosekana ni kuizungumza kwa utulivu, kwa mchana, na karatasi mezani. Che anaiona dawa kama kizuizi cha vita yake. Je, masharti yale matatu hayakuwa pia sheria ya jeshi? Mpiganaji aliyeamini kwamba akiiba mbuzi atapigwa risasi, je, hakuwa afadhali kwa mwanakijiji kuliko yule asiyeamini kitu? Kitabu hakiulizi swali hilo. Mama aliyeona askari wa aina zote wakipita shambani kwake anaweza kuliuliza, na kulijibu.

Tena, Che ni mkali. Anawachapa viongozi waliokaa Kigoma na Dar es Salaam huku watu wao wakilala milimani, na anahesabu siku ambazo Laurent-Désiré Kabila alikaa mbele ya vita mwezi wa saba: tano. Anawaponda pia wapiganaji wa kawaida, kwa maneno ambayo mtu wa Fizi hatayapitisha kirahisi. Wale waliokuwa na miaka kumi mwaka ule leo wamepita sabini. Wanakumbuka pia upande ambao Che hakuuona vizuri: mwisho wa mwezi wa tisa 1965, askari wa kukodiwa wa Mike Hoare na jeshi la taifa waliposhuka Baraka kutoka majini. Hoare naye aliandika kitabu chake, na kilitoka upesi, mwaka wa 1967. Mzungu mmoja alikuja kupindua, mwingine alikuja kulinda, wote wawili waliandika. Watu wa Baraka ambao nyumba zao zilikuwa katikati hawajaandika.

Kuna jambo dogo linalopendeza katika habari hiyo. Kambini, juu ya mlima, Che aliweka masomo: Kifaransa, Kiswahili na elimu ya kawaida. Mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa kijana Mkongomani, Freddy Ilanga, ambaye baadaye alipelekwa Kuba, akasomea udaktari na akafia huko mwaka wa 2005. Kwa hiyo kikundi cha kusoma katika milima ya Fizi si jambo jipya.

Baada ya Che, kikundi kikiwa bado na pumzi, njia inaendelea yenyewe. Wilungula Cosma alichapisha mwaka wa 1997, Paris, kwa L'Harmattan, kitabu juu ya maquis ya Kabila katika Fizi kuanzia 1967 mpaka 1986: chama cha PRP, eneo la Hewa Bora, na maisha ya watu waliokuwa chini ya serikali ndogo ambayo Kinshasa haikutaka kuitaja. Ni maquis ileile iliyovuka ziwa mwezi wa tano 1975 na kuchukua watafiti wanne kutoka Gombe, kwa Jane Goodall, Wamarekani watatu na mwanamke mmoja wa Uholanzi. Familia nyingi za Fizi zina mtu aliyepita humo, na nyingi zilinyamaza, kwanza kwa kumwogopa Mobutu, halafu, baada ya 1997, kwa sababu aliyekuwa wa maquis amekuwa raisi.

Kwa vitabu vya zamani zaidi, uangalifu unahitajika. Richard Burton alipita pwani hiyo mwaka wa 1858 akielekea Uvira, na katika kitabu chake cha 1860 anaiita rasi ya Ubwari kisiwa. Kosa hilo linachekesha. Mengine aliyoyaandika juu ya Wabembe hayachekeshi, na yalirudiwa na waliomfuata bila kuuliza. Halafu kuna maandishi ya maafisa wa Wabeleji juu ya uhamaji wa makabila, nani alitoka wapi na nani alimtangulia nani. Katika Fizi na Itombwe kurasa hizo zimekuwa silaha. Wabembe, Wafuliru, Wanyindu, Banyamulenge, kila upande una ukurasa wake ulioupiga mstari. Kikundi chenye watu wa kabila moja kisizifungue peke yake. Zikisomwa, zisomwe na watu wa pande zote wakiwa kwenye benchi moja, na kwanza waulizane nani alimhoji nani, kwa lugha gani, na kwa mkalimani wa nani.

Yanabaki mambo ya mikono. Nakala moja inatosha. Katika vikundi vya namna hii mmoja husoma Kifaransa, sentensi tatu au nne, mwingine anageuza katika Kiswahili, na mzee akikwama kikundi kinageuza tena katika Kibembe. Inachosha, lakini hapo ndipo kitabu kinachunguzwa kweli, kwa sababu neno kama dawa linarudi nyumbani baada ya kupita katika Kihispania na Kifaransa, na wote wanasikia kama limerudi zima. Kurasa kumi kwa mara moja ni nyingi mno, sita zinatosha. Wanawake wasiwekwe pembeni kupika ndagala, hasa siku ya masharti ya dawa, maana moja ya masharti hayo lilikuwa linawahusu wao. Na anayeandika maneno ya wazee aandike katika daftari, si katika telefone tu, kwa kuwa telefone zinaibiwa na zinauzwa.

Sura ya kwanza ya kusoma ni ile ya kufika Kibamba, pamoja na maelezo ya dawa yanayofuata. Ni fupi. Henoko anaweza kungoja mpaka masika, na Bwami mpaka wazee watakapojibu.